Daftari la Hawe: barua ya wazi kwa viongozi wa Kaunti ya Kilifi na wa makanisa ya Malindi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi, Kamishna wa Kaunti, waheshimiwa wawakilishi wadi, baba maaskofu na wachungaji wa madhehebu yote ya Malindi, pamoja na machifu na wazee wa mitaa yetu.

Nawasalimu kwa heshima zote. Nawaandikia nikiwa mjukuu wa mwanamke wa Kigiriama aliyezikwa mwaka jana upande wa Kakuyuni, baada ya maisha marefu ambayo sehemu yake kubwa aliimalizia kanisani, kwenye matanga ya watu, na jikoni kwake akiwapikia wageni ambao jamaa zao wenyewe walikuwa wakiwatafuta ili wawaue. Sisi wajukuu tulimwita Hawe, kama Wagiriama wanavyowaita bibi zao, na kwa kuwa hakupenda kutajwa mbele za watu, katika barua hii nitamwita hivyo hivyo.

Hawe hakuacha mali ya kugombaniwa. Aliacha nyumba ya udongo yenye vyumba vitatu iliyoezekwa makuti, Biblia iliyong'oka jalada, na daftari moja la shule alilolifunga kwa kipande cha leso na kulilaza chini ya mto wake. Daftari hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kurasa zake amezigawa kwa rula: jina, mbari, siku aliyofika, amekuja na nini, amekwenda wapi. Mwandiko ni wa herufi kubwa zinazosimama moja moja bila kushikana, mwandiko wa mtu ambaye hakupelekwa shule na aliyejifunzia kusoma katika darasa la ubatizo. Mbele ya jina la mzee wa kwanza ameandika, "bakora na kofia". Mbele ya mwingine, "hana kitu, miguu imevimba". Mbele ya mama mmoja mjane, "kuku mmoja, picha ya mumewe". Majina yote ni kumi na moja. Katika safu ya mwisho, wanne wameandikiwa kwamba wamerudi kwao, watano kwamba wamelala, na kila mmoja wa hao watano ameonyeshwa mahali kaburi lake lilipo. Wawili nafasi yao iko wazi, kwa sababu wangali hai na wangali wanaishi katika nyumba ile.

Wote kumi na mmoja walituhumiwa uchawi.

Ninyi viongozi wetu mnayajua mambo haya, lakini naomba niyaandike kama yalivyo, kwa sababu tumezoea kuyasema kwa kuzungukazunguka na kuyaita mambo ya nyumbani. Mtoto anaugua ghafla na kufa, au kijana anaanguka na pikipiki, au mke wa mtu anaharibu mimba mara ya pili. Familia inachanga pesa na kwenda kwa mganga. Mganga anapiga ramli, na mara nyingi hatoi jina, anatoa alama: ni mtu mzima, yuko karibu, kichwa chake ni cheupe, macho yake ni mekundu. Sasa ni mwanamke gani wa kijiji aliyepika kwa kuni miaka hamsini ambaye macho yake si mekundu? Familia inarudi nyumbani na alama hizo, na kabla jua halijazama jina limepatikana. Ni jambo la kusikitisha jinsi jina hilo linavyoangukia mara kwa mara mtu yule yule ambaye shamba liko mkononi mwake. Tangu lami ilipoanza kuvutwa kwenye barabara ya kwenda Lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki, ekari ambayo zamani haikuulizwa na mtu imekuwa na wanunuzi, na mzee anayekataa kuuza amekuwa kizuizi mbele ya watoto na wajukuu wanaotaka pesa ya pikipiki au ya nyumba ya mabati. Hawe alipopokea mgeni mpya hakumuuliza kama ni kweli aliloga. Alimuuliza shamba lake liko wapi na linapakana na nani.

Mgeni wa kwanza nilimwona kwa macho yangu, nikiwa darasa la sita. Alifika alfajiri, umande ungali kwenye nyasi, akiwa ametembea usiku kucha kutoka bara. Alikuwa amepaka piko kichwani ili mvi zisionekane, kama wazee wengi wa huku kwetu walivyolazimika kufanya, lakini piko lilikuwa halijashika sawasawa na jasho lilikuwa limeliteremsha mpaka shingoni, likaingia kwenye ukosi wa shati lake jeupe. Hawe alimkalisha kwenye kigoda, akapasha maji, akachukua sabuni ya mche, na akaanza kumwosha kichwa taratibu kama anavyooshwa mtoto. Beseni la kwanza la maji lilitoka jeusi. La pili likatoka la kijivu. Alipomaliza, nywele zile nyeupe zikawa zimesimama kwenye mwanga wa asubuhi, akamfuta kwa leso yake na kumwambia, "Hapa kwangu huna haja ya kuzificha." Mzee yule aliweka viganja usoni na kulia kwa sauti, na mimi nilitumwa kwenda kuchota maji mengine ili nisiendelee kumtazama.

Naomba mjue imani hiyo ya Hawe ilitoka wapi. Hawe alizaliwa katika nyumba iliyoshika mila za Kigiriama, na babake alikuwa mtu wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama ambao wakifa huchongewa kigango, yaani nguzo ya mti ya ukumbusho, ili wasisahaulike. Alibatizwa akiwa msichana, baada ya kulifuata darasa kwa miguu hadi Jilore, ambako wamisionari wa Kianglikana walikuwa wameweka kituo tangu karne ya 19. Hakuwadharau waliomzaa kwa sababu ya ubatizo wake, na vigango vya ukoo vilipoibwa, kama vilivyoibwa vingi vya Wagiriama na kwenda kuuzwa ng'ambo, aliomboleza kama aliyefiwa. Aliolewa na mgema. Hakukubali sadaka yake itoke kwenye pesa ya mnazi, hata walipokuwa hawana nyingine. Alishona makuti na kuyauza, na vidole vyake vilikuwa na mikwaruzo ambayo haikupona kabisa siku zote nilizomjua. Kila Jumamosi jioni alifagia kanisa. Mtu akifiwa, yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na katika matanga alijua ni nani hajala tangu asubuhi bila kuuliza.

Nayasema haya kwa baba maaskofu na wachungaji hasa, kwa sababu Hawe alikuwa mtu wenu, na mengi ya aliyotenda aliyatenda akiwa peke yake. Jioni moja walikuja vijana watano kumtaka yule mama mjane aliyekuja na kuku, na mmoja wao alikuwa mwanakwaya. Kijana huyo alisema kwamba hata Neno la Mungu katika Kutoka sura ya 22 halimpi mchawi ruhusa ya kuishi. Hawe hakubishana naye. Aliingia ndani, akaitoa Biblia yake, akampa aishike na kumwomba asome aya hiyo ya 18 kwa sauti, naye akaisoma. Kisha akamwambia ateremke aya nne tu. Kijana akaanza kuisoma ile ya 22, inayokataza kumtesa mjane na yatima, na hakuweza kuimaliza. Walikaa wote kimya pale uani, taa ya chemni ikiwa chini, mpaka Hawe akawauliza kama wamekula. Wawili walikula. Waliondoka bila kumgusa mtu, na yule mwanakwaya miaka ya baadaye ndiye aliyebeba msalaba mbele ya jeneza la Hawe.

Lakini si kila mara ilikwisha hivyo. Katika ibada moja, ambayo sitasema ilifanyika wapi, bibi mwingine aliletwa mbele ya waumini na mhubiri akaanza kumwombea uchawi umtoke, huku watu wakipiga makofi. Yule bibi alikuwa amesimama amevishika vitambaa vya gauni lake, hajui aelekee wapi. Hawe aliinuka kutoka benchi la akina mama, akapita katikati ya kanisa, akaenda kusimama kando yake na kumshika mkono, wala hakusema neno. Kwa kitendo hicho aliondolewa katika uongozi wa akina mama kwa muda. Jumamosi iliyofuata alikwenda kufagia kama kawaida. Alituambia nyumbani kwamba kumwombea mtu pepo mbele ya jamii inayotafuta mtu wa kuua ni kumwandikia hukumu, na mimi sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo. Kumwombea mgonjwa ni jambo jema. Kusimamisha mwenye mvi madhabahuni na kumwita mchawi, hata kama ni kwa nia ya kumwokoa, ni kumrudisha kijijini akiwa na muhuri wa kanisa.

Kwa upande wa serikali nina neno pia. Hawe alimpeleka mzee mmoja katika kituo cha polisi akaandikishe kwamba wanawe wamemtishia kwa panga, na afisa aliyekuwa zamu aliwaambia warudi wakayamalize nyumbani. Nyumbani ndiko panga lilikokuwa. Sheria ya Uchawi tuliyonayo ni ya mwaka 1925, na pamoja na uzee wake inasema wazi kwamba kumtuhumu mtu uchawi bila kuipeleka tuhuma hiyo kwa mamlaka ni kosa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Basi anayemnyooshea mzee kidole kwenye matanga na kusema "ni wewe" amekwisha kuvunja sheria kabla ya kushika silaha yoyote. Ikiwa askari na chifu watalichukua tamko hilo kuwa kosa, na kumwita aliyelitoa aje ajieleze siku hiyo hiyo, wengi wangeokoka, kwa sababu kati ya neno na panga kwa kawaida hupita siku kadhaa.

Kuna na jambo dogo ambalo kwa mzee si dogo. Mtu anayekimbia usiku hakumbuki kitambulisho. Bila kitambulisho hawezi kuthibitisha umri wake, na bila hilo zile shilingi 2,000 za kila mwezi za mpango wa serikali wa Inua Jamii, ambazo ni haki ya wazee waliotimiza miaka 70, zinampita. Hawe alikwenda ofisi baada ya ofisi kwa ajili ya mzee mmoja, akiwa na daftari lake mkononi kama ushahidi, na kila mahali akaambiwa arudi na barua ya chifu wa kijiji ambacho mzee huyo amekikimbia. Mzee alifariki kabla barua haijapatikana. Katika safu ya mwisho Hawe ameandika mahali kaburi lilipo, na chini yake, kwa herufi ndogo kuliko zote, "hakulipwa".

Mwezi wa Aprili mwaka 2023, habari za msitu wa Shakahola zilipotoka, Hawe alikuwa tayari anatembelea fimbo. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, ya watu walioambiwa kwamba kufa njaa ni njia ya kumwona Yesu, wakiwamo watoto wengi. Hawe alinitaka nimpeleke mjini, kwenye hospitali ambako jamaa walikuwa wakikaa nje kusubiri kupimwa na kutambua wafu wao, na aliwapelekea chai ya rangi kwenye chupa na mihogo ya kuchemsha. Hakuhubiri kitu. Njiani kurudi aliniambia kwamba maisha yake yote amejua Mungu anayeuliza, "Mmekula?" Nimelikumbuka jambo hilo mara nyingi. Serikali ilikuja Malindi na mawaziri wake, helikopta na tume, na ilikuwa haki kuja. Lakini wazee wetu hawafi mia nne pamoja. Wanakufa mmoja mmoja, usiku, katika vijiji vilivyo mbali na lami, na kila kifo kinaandikwa peke yake, kwa hiyo hakuna siku ambayo nchi inasimama kwa ajili yao. Ni Hawe tu, katika watu ninaowajua, aliyewaandika pamoja kwenye kitabu kimoja.

Malindi inajua kutunza kumbukumbu. Nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapa mwaka 1498, ingali imesimama juu ya mwamba wake, na lile kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti linatunzwa kama urithi wa taifa. Wageni wanaambiwa kwamba Fransisko Xavier alitua katika mji huu mwaka 1542 akielekea India. Nafurahi kwamba vinatunzwa. Sina ombi la nguzo kwa ajili ya Hawe, na yeye angelikataa. Ombi langu ni kwamba kazi yake ipate wenyewe.

Kwa kaunti, naomba Malindi iwe na nyumba ya hifadhi ya wazee iliyo ya umma, yenye mlinzi, muuguzi na mtu wa kushughulikia vitambulisho. Kule Ganze, Kaya Godoma imewapokea wazee waliotuhumiwa, na imeonyesha kwamba jambo hili linawezekana hata penye uwezo mdogo. Haifai mzee wa Langobaya au Marafa ategemee kwamba atajaliwa kufika huko akiwa hai, au kwamba atakutana na mjane mwenye moyo. Daftari la Hawe liko tayari kukabidhiwa ofisi yoyote itakayokubali kuliendeleza, safu zake zikiwa vile vile, hasa ile ya amekwenda wapi.

Kwa wanaoketi katika bodi za kudhibiti ardhi, naomba jambo ambalo halihitaji bajeti. Familia inapoleta maombi ya kuuza shamba ambalo mwenyewe ni mzee, bodi isitoe idhini mpaka imwone mzee huyo au ijue aliko. Ikiwa amehama ghafla, iulize kwa nini. Ikiwa amefariki, iulize alikufaje, na iangalie kama urithi umepita mahakamani kama sheria inavyotaka. Naamini kabisa kwamba siku vijana wetu watakapoona kwamba kumfukuza mzee hakuharakishi hati ya shamba, mvi zitaacha kuwa alama ya uchawi katika nusu ya vijiji hivi.

Nanyi baba maaskofu na wachungaji, matanga ni yenu. Jina la mchawi hutafutwa katika siku zile zile ambazo ninyi mnaitwa kuzika, na hakuna mtu mwingine anayepewa nafasi ya kusema mbele ya ukoo mzima ukiwa umekaa. Naomba katika kila mazishi ya mtoto au ya kijana, kabla jeneza halijashushwa, mchungaji ataje ugonjwa au ajali iliyomchukua marehemu, aitaje kwa jina lake kama daktari alivyoitaja, kisha awaite wazee wa familia hiyo waje kusimama karibu naye wakati wa sala. Hawe aliniambia kwamba mtu aliyeonekana na wote amesimama ubavuni mwa mchungaji ni vigumu kumwendea usiku. Na katika mikutano ya vijana, someni hata ile aya ya Walawi, sura ya 19, inayomwagiza mtu asimame mbele ya mwenye mvi, aya ambayo yeye aliijua kwa moyo na ambayo sikuisikia ikihubiriwa utotoni mwangu.

Wale wawili ambao nafasi yao katika daftari iko wazi ni mzee mmoja asiyeona vizuri, na yule mama aliyekuja na kuku na picha ya mumewe. Kwa sasa wanatunzwa na mama yangu, binti wa Hawe, ambaye magoti yake yanamsumbua na ambaye naye kichwa chake sasa kimekuwa cheupe chote. Ndugu zangu wamemshauri apake piko. Amekataa, na mimi niko mjini, moyo ukinidunda kila simu inapolia usiku.

Makuti ya upande wa kusi yameoza na hayatavuka masika yajayo. Tumeshapata miti, na akina mama wa kanisa wameahidi kushona makuti mia mbili. Mkiona vema kuja, njooni kabla ya mvua. Kutoka barabara kuu mtaulizia kwa Hawe, na mtoto yeyote atawaleta mpaka mlangoni.

Wenu kwa heshima,
Mjukuu wa Hawe,
Malindi